Disgrace ya J. M. Coetzee: mbwa asiyemwokoa mtu

Mbwa wa hadithini kwa kawaida hupewa kazi moja: kumwokoa bwana wake au kumngoja. Argos, mbwa katika utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, alingoja miaka 20, akamtambua bwana wake Odysseus, akatikisa mkia, akakata roho. Machozi ya msomaji yanapatikana kwa bei rahisi. Riwaya hii ya Afrika Kusini, iliyopata tuzo ya fasihi ya Booker ya Uingereza mwaka 1999, imeikataa njia hiyo, na ndiyo sababu tunaipendekeza kwa vikundi vya wasomaji wa Mwanza.

David Lurie, mhadhiri wa miaka 52 aliyepoteza kazi Cape Town kwa sababu ya uhusiano wake na mwanafunzi, anahamia jimbo la Eastern Cape kwa binti yake Lucy, anayelea mbwa wa watu shambani. Huko anajitolea katika kliniki ya wanyama ya mama mmoja, Bev Shaw, ambako mbwa wasiotakiwa huuawa kwa sindano siku za Jumapili. Yeye huwashika. Coetzee hatuambii kwamba Lurie anawapenda. Anaonyesha masikio yaliyolala, mkia ulioshuka, miguu inayokazwa mlangoni mpaka mnyama aburutwe.

Kiini cha kitabu ni sura ya 16. Mizoga hupelekwa Jumatatu kwenye tanuri la hospitali. Ikishalala usiku kucha miguu imekakamaa, hunasa kwenye vyuma vya toroli, na toroli hurudi na mzoga wake umeungua juujuu tu. Wafanyakazi wakawa wanaipiga mifuko kwa migongo ya koleo ili kuivunja miguu. Lurie hakuvumilia, akaanza kupakia mwenyewe. Kiswahili kinaliona jambo hili vizuri mno: mbwa akiwa hai yumo katika ngeli ya A-WA pamoja na mtu, lakini akifa mtu huwa maiti, mbwa huwa mzoga. Lurie anauhudumia mzoga kama maiti.

Kwetu neno "mbwa" ni tusi, na methali inaonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Mbwa koko anayenusa magamba ya samaki mwaloni hurushiwa jiwe. Msomaji mwenye mazoea hayo hatafungiwa mlango, kwa maana Lurie naye anaanzia huko huko, akiwaona wapenda wanyama kuwa watu wa kuchosha.

Kiingereza cha kitabu ni cha sentensi fupi, aliyemaliza kidato cha nne anakimudu. Kinachochosha ni opera, yaani mchezo wa kuimbwa, anayoitunga Lurie kuhusu Byron, mshairi wa Kiingereza. Msiiruke: mbwa kilema, mguu wake wa nyuma umenyauka, huinua kichwa kusikiliza banjo ambayo Lurie anaipiga akitunga, na uhusiano wao unajengwa hapo. Sura ya 11 ina uvamizi na ubakaji, kwa hiyo kisipewe watoto wa shule, na mwongoza mjadala awatahadharishe wenzake mapema.

Ukikuta nakala ya mtumba mjini, hesabu sura kabla ya kulipa, ziwe 24. Ikunjue taratibu usikie kama mgongo unalia, kwa sababu gundi ikishakauka karatasi za mwisho huweza kung'oka. Ukizikosa hizo umekosa kurasa ambazo Lurie anafungua kizimba, yule kilema anamramba mashavu, midomo na masikio, naye anambeba mikononi kama mwanakondoo kumpeleka kwa Bev.