Mafuta ya mkaratusi ya chupa: mazuri kwa sisimizi na mafua, kwa mbu hapana

Chupa ni ya kioo cha rangi ya kahawa, mililita 30, na kibandiko kinasema "mafuta ya mkaratusi" basi. Hapo ndipo lawama yangu ilipo, maana mikaratusi ni mingi. Eucalyptus globulus ina sineoli kwa wingi, ile harufu kali inayozibua pua. Mkaratusi wa harufu ya limau, Corymbia citriodora, una sitronelali, na mafuta yake yakishasindikwa ndipo hupatikana PMD, dawa ya kweli ya kufukuza mbu. Haya yananukia dawa ya kuchua, limau hata chembe. Ukijipaka magharibi, kabla ya isha mbu wameshakurudia. Chandarua kisitoke kitandani.

Usafi wake nimeupima kwa karatasi nyeupe: tone moja, ukaliacha mpaka kesho yake. Mafuta safi huruka yote, pengine kikabaki kivuli hafifu. Yaliyotiwa mafuta ya kupikia huacha doa linalopitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Haya yaliruka. Ya kupimiwa kwenye vichupa vya plastiki yaliacha doa, na plastiki nyingine hulainika yakikaa humo muda mrefu.

Kazi yanayoiweza hasa ni chungu, hawa sisimizi wa kwenye kopo la sukari. Wengi hukosea katika kuchanganya: wanamimina mafuta kwenye maji, yanaelea juu, kisha wanapulizia maji matupu na mwisho wanachoma rangi ya kabati kwa mafuta yaliyobaki. Anza na sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula. Tia mililita 10 za mafuta, koroga mpaka yawe meupe kama tui, ndipo uongeze maji lita moja kidogo kidogo. Tikisa kila unapopulizia. Futa njia yao yote kuanzia ufa wanaotokea, si pale kwenye sukari tu. Harufu huisha kwa saa chache, kwa hiyo rudia asubuhi na jioni siku tatu.

Kunguni hufa wakilowa, lakini mayai yaliyo ndani ya nyufa za kitanda hubaki salama. Rudia baada ya wiki, na foronya na mashuka yapite maji ya moto. Kwa kazi hii nayapendelea mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba, kwa sababu yujenoli yake, ile yenye harufu ya karafuu, hairuki upesi kama sineoli, ila huwasha ngozi, vaa glavu.

Bustanini punguza mpaka mililita 5 kwa lita, jaribu jani moja kwanza, usubiri siku nzima. Vidukari wa bamia hupukutika. Ukipulizia jua la saa sita majani huungua kingoni, na miche michanga usiiguse kabisa. Kunde za kula unaweza kuzikinga na wadudu kwa kuzipanga na majani makavu ya mkaratusi kwenye ndoo yenye kifuniko, ukiyabadilisha yanapopoteza harufu. Za mbegu usizichanganye, mvuke wake huzuia kuota.

Kwa mafua: maji ya moto lita moja kwenye beseni, yakiwa yameshaepuliwa, matone matatu tu, macho umeyafumba, dakika tano. Mwenye pumu asijifukize. Kuchua kifua, matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi, kwa mtu mzima. Mtoto mchanga asipakwe usoni wala puani, na hakuna wa kuyanywa: hata kijiko cha chai kinaweza kumtia mtoto degedege. Akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe.

Na kwa nyumba zetu zenye paka: sakafu ikauke kwanza ndipo apite. Hulamba miguu yake, na mafuta haya kwake ni sumu.