Uzoefu wangu: ultrasaundi katika kujaza pampu ya dawa iliyopandikizwa mwilini

Nianze na alama kwa wenye haraka: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ultrasaundi husifiwa kwa kazi isiyo yake. Wengi huichukua wakidhani itawaonyesha ncha ya sindano ikizama ndani ya tangi la dawa la pampu. Haionyeshi, au huonyesha kwa shida. Inachokifanya vizuri ni kukuonyesha kilichomo kwenye mfuko wa ngozi ambamo pampu imekaa, kabla hujachoma na baada ya kumaliza, na kwa kazi hiyo sijaona mbadala wake.

Pampu ninazozizungumzia ni zile zinazokaa chini ya ngozi ya tumbo na kupeleka dawa kwa mrija mwembamba hadi kwenye maji ya uti wa mgongo: mofini au ziconotide kwa maumivu sugu, baklofeni kwa misuli iliyokakamaa. Mfano wake ni SynchroMed II, kisahani cha titani chenye upana wa milimita 87.5, na unene wa milimita 19.5 kwa tangi la mililita 20 au 26 kwa tangi la mililita 40. Katikati ya uso wake kuna tundu la kujazia lililozibwa kwa silikoni. Pembeni kuna tundu jingine, dogo, linaloelekea moja kwa moja kwenye mrija. Hilo usiliguse wakati wa kujaza. Kwenye pampu hii lina wavu unaoizuia sindano ya kujazia, yenye unene wa geji 22, lakini usichukulie kwamba kila pampu ina kinga hiyo: dawa ya miezi mitatu ikiingia humo inakwenda yote kwenye uti wa mgongo kwa mkupuo mmoja.

Kwa mgonjwa mwembamba ambaye pampu yake imetulia, unashika ukingo kwa vidole, unaweka kile kigezo cha plastiki kinachokuja na seti ya kujazia, unachoma katikati, basi. Kuwasha mashine hapo ni mbwembwe. Shida huanza pale ngozi na mafuta vinapozidi sentimita mbili na nusu, pampu inapolala kiupande, kovu linapokuwa gumu kama ubao, au mfuko unapojaa maji na vidole vikawa vinagusa kitu kinachoelea. Hapo kidole kinakisia, na anayekisia hana habari kwamba anakisia.

Kosa lenyewe tunaliita kujaza mfukoni: sindano iko nje ya tangi, dawa inamwagika kwenye tishu zinazoizunguka pampu. Piga hesabu. Tangi la mililita 20 lenye mofini ya miligramu 25 kwa kila mililita linabeba miligramu 500, na zote sasa ziko chini ya ngozi. Mgonjwa anasinzia, pumzi zinapungua. Akivuka hapo, pigo la pili linamngoja, kwa kuwa tangi halina kitu na yule aliyezidiwa na dawa sasa anaikosa. Kwa baklofeni pigo hili la pili linatisha zaidi: ngozi kuwasha, homa kali, misuli kukakamaa kuliko ilivyokuwa kabla ya pampu, na wengine hufa. Mwaka 2011 Medtronic, watengenezaji wa SynchroMed, iliwaandikia madaktari kuhusu kosa hili, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaliweka onyo hilo kwenye daraja la kwanza, lile la hatari kubwa kuliko yote.

Mashine si lazima iwe ya kifahari. Probu (kile kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi) bapa ya megahezi 6 hadi 13 inatosha, hata ile ndogo inayounganishwa na kishikwambi. Probu ya tumbo, iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, naitoa pale tu pampu ilipozama sana. Chagua mpangilio wa misuli, weka kina sentimita 3 au 4, fokasi iwe usawa wa uso wa pampu, kisha shusha mwangaza. Kosa la wageni ni kuuacha mwangaza juu. Titani inang'aa kiasi cha kumeza kila kilicho jirani yake, ukiwemo ule utepe mwembamba wa maji unaoutafuta. Na usitarajie kuiona pampu nzima. Uso wa probu una milimita 40 hivi, pampu ni zaidi ya mara mbili yake. Unaisoma kipande kwa kipande.

Huwa naanzia ukingoni. Chuma ni mstari mweupe mkali, na chini yake kuna mistari mingine inayojirudia kama vidato vya ngazi, kisha giza. Vidato hivyo ni mwangwi, visikushughulishe. Ukiteleza kuelekea katikati, mstari unakatika: kingo mbili nyeupe, na kati yake pengo ambamo sauti inapenya. Hapo ndipo kwenye kizibo. Geuza probu nyuzi 90 bila kuihamisha. Pengo likibaki katikati ya picha, umelipata; likipotea, ulikuwa unaangalia kivuli cha kovu au ukingo. Weka nukta nne kwa kalamu ya upasuaji kwenye ncha za probu katika mikao yote miwili, ziunganishe, na makutano yake ndiyo pa kuchomea. Mgonjwa asisogee baada ya hapo. Akikunja goti au kujiinua kuangalia unachofanya, ngozi inateleza juu ya pampu na msalaba wako mzuri unakuwa juu ya chuma.

Kabla ya kuweka probu chini, zungusha jicho pembezoni mwa pampu yote. Utepe mweusi kati ya pampu na tishu ni maji. Pima unene wake na uandike, hata kama ni milimita 2. Kipimo hicho ndicho utakachokirudia mwishoni. Kina faida nyingine pia: kikikuonyesha maji mengi, unajua mapema kwamba sindano iliyo nje ya tangi nayo inaweza kuvuta maji. Watu wengi wameaminishwa kwamba maji yakirudi kwenye bomba la sindano basi wako ndani. Mfuko wenye maji unaivunja kanuni hiyo.

Sasa kina, na hapa ultrasaundi inalipa gharama yake. Pima umbali kutoka ngozi hadi uso wa kizibo mara mbili, mara moja probu ikiwa imeguswa tu na mara ya pili ikiwa imekandamizwa, kwa sababu mafuta hubonyea na vipimo hivyo viwili vinaweza kuachana sana. Tuseme umepata milimita 14. Sindano ya seti, ile isiyokata silikoni, ina milimita 38 hivi. Ukichoma na kugonga chuma huku milimita 24 zikiwa bado nje ya ngozi, umegonga kifuniko cha pampu, hujafika ndani. Mkono utahisi kitu kigumu kilekile kama sakafu ya tangi, na ndiyo maana watu hudanganyika. Sakafu halisi iko chini zaidi: kwanza sindano inapita kwenye silikoni, inabana kidogo kama inayopita kwenye raba, halafu inaachia, halafu ndipo chuma. Ukigonga kifuniko mara mbili tatu, tupa sindano hiyo uchukue nyingine. Ncha iliyopinda inachana kizibo. Na kama kipimo cha kukandamiza bado kinakaribia urefu wa sindano, tafuta sindano ndefu kabla ya kuanza, si katikati ya kazi.

Kuiona sindano yenyewe? Inaingia wima, karibu sambamba na mawimbi, kwa hiyo unachopata ni nukta inayong'aa kisha kupotea kwenye mwangwi wa chuma. Mwenye mkono mzuri anaweza kuifuata nukta hiyo hadi kwenye pengo, probu ikiwa pembeni kidogo. Mimi huridhika na alama ya msalaba, kina kilichopimwa, na hisia ya mkono. Usiilaze sindano ili ionekane vizuri kwenye picha. Ikiingia kwa mshazari, tundu la ncha yake linaweza kubaki nusu ndani, nusu nje.

Kuhusu usafi nitasema machache: ala safi ya probu, jeli ya vifurushi vya upasuaji, na jeli yote ifutwe pa kuchomea kabla ya sindano. Dawa ya kuua vijidudu ikauke kabisa. Usitake hata tone la kimojawapo kiingie na ncha ya sindano kwenye dawa inayokwenda uti wa mgongo.

Ukishafika sakafuni, vuta polepole kwa bomba tupu hadi mapovu tu yaje, funga kibanio, soma ulichovuta. Hapa hesabu inakuwa na kauli kuliko picha. Mfano: baklofeni ya mikrogramu 2000 kwa mililita, dozi ya mikrogramu 400 kwa siku, ni mililita 0.2 kila siku. Siku 80 zimetumia mililita 16. Tangi la 20 libaki na 4. Usahihi wa mtiririko wa pampu hii hutajwa kuwa ndani ya asilimia 14.5, yaani hapa mililita 2.3 juu au chini, kwa hiyo ukivuta 3 au 5 endelea na kazi. Ukivuta 9, usijaze kwa mazoea. Huenda pampu ilisimama au mrija umeziba, na kama maji uliyovuta yana rangi ya majani makavu huenda umevuta maji ya mfukoni. Ukivuta nusu mililita, ama hujafika ndani, ama pampu inatoa kupita kiasi, ama safari iliyopita dawa ilimwagwa mfukoni na hakuna aliyejua. Rudisha probu uangalie.

Kujaza: kichujio cha mikroni 0.22, hewa yote itolewe kwenye mrija, kisha sukuma taratibu. Kila mililita 5 simama, vuta kidogo, uone dawa inarudi bila kusitasita. Mtu wa pili ashike probu pembeni ya kizibo, jicho likiwa kwenye tishu iliyo juu ya chuma na kandokando yake. Ndani ya tangi huoni, chuma kimefunika. Unachokitazama ni kama utepe mweusi unanenepa. Dopla ya rangi, yaani hali ya mashine inayopaka rangi kinachotiririka, inasaidia: rangi ikichemka juu ya kifuniko wakati unasukuma, simama hapohapo. Ila jua kwamba Dopla nayo ina uzushi wake. Chuma humeremeta rangi bila mtiririko wowote, na mkono ukitikisika picha nzima inawaka. Acha kusukuma sekunde chache. Rangi ikiendelea, ilikuwa ya chuma.

Utepe ukinenepa kweli, usichomoe sindano kwa hofu. Acha kusukuma, vuta unachoweza, kisha ukiwa na picha vuta yaliyo mfukoni, andika kiasi, na mgonjwa ahamishiwe mahali penye oksijeni, kipima kiwango chake cha damuni, na naloksoni, dawa ya kuzimua mofini, kama dawa iliyomwagika ni ya jamii hiyo. Wakati huohuo mtu aanze kupanga namna ya kuziba pengo la dawa ya uti wa mgongo, maana pigo la pili halichelewi.

Wanaouliza kama eksirei ya mubashara ni bora zaidi, jibu langu ni kwamba kila moja ina upofu wake. Eksirei inaonyesha mkao wa pampu, tundu la kati na la pembeni, na sindano ikionekana kama nukta katikati ya duara ukiitazama kutoka juu. Pampu iliyopinduka inajulikana mara moja kwa sababu sehemu zake zimegeuka kama kwenye kioo. Kwa ultrasaundi pampu hiyohiyo ni mstari laini usio na pengo popote, na utapoteza dakika kumi ukidhani hujui kutafuta. Kwa hiyo kanuni yangu: nikikosa pengo katika mizunguko miwili, nakwenda eksirei. Lakini eksirei haioni maji, na ina mionzi kwa mgonjwa na kwa wewe unayerudia kazi hii kila wiki. Kwa pampu iliyozama au mfuko wenye maji, ultrasaundi inaishinda bila ubishi.

Kujifunza hakuchukui muda mrefu kama una pampu ya maonyesho na kipande kinene cha nyama mbichi cha kuifunika. Kinachochelewa ni jicho kuzoea kupuuza mwangwi. Kwenye kitanda, ongeza dakika tano kwa kila mgonjwa, zaidi kwa mnene.

Ukichomoa sindano, pita tena pembezoni mwa pampu yote kwa probu ileile, kina kilekile, na ulinganishe na kile kipimo cha mwanzo. Hifadhi picha mbili kwenye faili, moja ya pengo la kizibo na moja ya ukingo wenye maji au usio na maji, ukiandika kina cha milimita na mkao aliolala mgonjwa. Atakayejaza safari ijayo ataanza na namba zako, na kama 14 imekuwa 22, atajua kuna kitu kimesogea kabla hajafungua seti.