Banda la kuku la shilingi 320,000: nyota tatu, na fimbo ya pazia

Mimi ni fundi cherehani, nina ofisi yangu Tabata Segerea, Dar es Salaam, na kitu chochote kinachoingia mikononi mwangu lazima kipite kwenye tepu. Ila banda hili nimelipima siku ya tatu baada ya kulipa. Kosa ni langu, na ndiyo maana naandika: wewe pima kabla hujatoa hela.

Nililinunua Februari kwa vijana wanaotengeneza makabati na vitanda kandokando ya barabara. Siku hizi wanapanga na mabanda ya kuku pale mbele, yamepigwa vanishi yanang'aa kama kabati la vyombo. Bei ilikuwa 350,000, tukavutana mpaka 320,000. Kirikuu la kulileta nyumbani, 30,000, juu yangu. Kijana akanihakikishia: "Mama, hili kuku ishirini wanaingia bila shida yoyote."

Urefu mita 1.5, upana sentimita 90. Ukizidisha unapata mita za mraba 1.35. Hesabu ya wafugaji ni kuku wakubwa watano mpaka wanane kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo hapo wanakaa saba kwa raha, na ukiwabana sana kumi. Nilipompigia akasema lakini ishirini si wanaingia? Kuingia wanaingia kweli. Hata daladala ya jioni watu wanaingia.

Bahati nzuri mimi nilianza na mitetea sita na jogoo mmoja, kwa hiyo ukubwa haukunisumbua. Na nisiwaonee vijana wa watu, kuna vitu wamevifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Mbao ni nzito, zimepigwa randa, hakuna hata moja iliyopinda mpaka leo. Miguu imeliinua banda sentimita 60 kutoka chini, maji ya mvua yanapita huko chini na kuku wako juu wamekauka. Kila mguu nimeusimamisha ndani ya kopo la maziwa lenye oili chafu, na siafu mpaka sasa wameishia pale pale.

Kizuri kuliko vyote ni trei. Sakafu ni ya fito zilizoachana kidogo, kinyesi kinadondokea kwenye trei ya bati inayovutwa kwa nyuma kama droo. Asubuhi navuta, nakung'uta kwenye migomba, narudisha, sijamaliza hata dakika tano. Bibi yangu kule Korogwe alikuwa analaza kuku jikoni chini ya tenga, na kazi ya kufagia ilikuwa ya kwangu mimi, kila siku kabla ya shule. Angeiona hii trei angecheka mpaka akae chini.

Sasa nije kwenye malalamiko.

Banda hili limetengenezwa na mtu anayejua kabati. Ubao wa nyuma umezibwa wote, pembeni kumezibwa, hewa inapita mbele tu. Nikamuuliza kijana, akanijibu kuku wanaogopa baridi. Baridi ya Segerea, Februari! Usiku wa pili nilifungua mlango harufu ikanipiga machoni kama nimekata vitunguu. Kuku akivuta hewa ya namna hiyo kila usiku ataugua kifua tu. Nilimwita fundi wa mtaani akakata dirisha refu nyuma, juu kabisa karibu na bati, ili upepo upite juu ya vichwa vyao usiwapige mwilini. Kuanzia hapo harufu ikaisha.

Halafu fimbo ya kulalia. Niliishika tu nikaitambua, maana mimi hizo naziuza pamoja na mapazia: fimbo ya pazia, ya bati, nyembamba, inateleza. Tena waliifunga chini kuliko viota. Kuku anapenda kulala mahali pa juu kabisa anapopaona, kwa hiyo mitetea yote ilipanda kulala kwenye viota, na asubuhi mayai nayaokota yamepakwa mavi. Nimeitoa, nimeweka mbao ya mbili kwa mbili, kingo zimepigwa msasa, juu kuliko viota. Siku tatu tu, wote wakahamia. Ile fimbo nimeifunga chumbani kwa mwanangu, inafanya kazi yake.

Jogoo wangu ni kuchi, ile aina ya kuku warefu, na huyo hakuna aliyemfikiria. Ndani kuna kimo cha sentimita 50. Saa kumi alfajiri akitaka kuwika anakunja shingo, anagonga bati, ananyamaza, anajaribu upande wa pili. Jirani yangu anasema anashukuru.

Haya yote ningeyasamehe. Wavu sijausamehe.

Mbele wameweka ule wavu wa kuku wa kawaida, wa matundu ya pembe sita. Ule unamzuia kuku asitoke, mnyama wa nje anaufumua. Machi tetea mmoja aliangua vifaranga wanane. Usiku mmoja mvua inanyesha nikasikia kelele, nikatoka na tochi ya simu, nikakuta kona ya chini ya wavu imekunjuliwa kama ulimi. Vifaranga watano hawapo, mama yao ameng'atwa shingoni, na alikufa mchana. Majirani wanasema ni kicheche, mimi sikumwona. Nilichokiona ni misumari: midogo, imekunjwa juu ya waya, kutoka mmoja hadi mwingine sentimita 20. Katikati yake waya unalegea mpaka ngumi yangu inapita. Kwa lugha ya kazini kwetu, wavu ulikuwa umepigwa bandi tu, ile mishono ya muda ya kushikizia, haujashonwa. Na mtu hampi mteja nguo yenye bandi.

Mlango nao ulikuwa na kikomeo kimoja katikati, ukivuta kona ya chini unaachia nafasi ya vidole vinne.

Nimebadilisha wavu wote, nikaweka wa chuma wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi, umeshikwa kwa misumari ya U kila sentimita tano na juu yake ukanda wa mbao. Makomeo mawili, juu na chini. Gharama: wavu 48,000, mbao 8,000, makomeo na kufuli 12,000, fundi 25,000. Jumlisha na bei na kirikuu, banda limenifikisha 443,000. Kwa hela hiyo fundi wa mtaani angenijengea kubwa zaidi hapo hapo uani, ila trei ya kuvuta asingeiwaza.

Vifaranga watatu waliobaki, wawili walichukuliwa na kunguru mchana kweupe, na hilo silihesabii banda. Hawa kunguru wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na mpaka leo sisi ndio tunaowalisha. Pia usidhani banda zuri linazuia ugonjwa wa kideri. Chanjo ni tone moja jichoni kila miezi mitatu, na kwa kuwa chupa ni ya kuku wengi, tunachanga majirani wanne tunachanja siku moja.

Nyota tatu kati ya tano. Ukilinunua, liache wazi wiki mbili harufu ya vanishi iishe, hata wakikwambia uingize kuku siku hiyo hiyo. Weka pembeni kama 100,000 ya marekebisho, na msumari wa kwanza ugongwe kwenye wavu.

Kijana nilimrudia na picha za ile kona. Hakubisha, alinipa pole, akaniuliza, "Kwa hiyo mama, makomeo yawe mawili?" Akapiga picha ya picha yangu. Wiki iliyopita nimepita pale na bajaji, nikamwambia dereva asimame kidogo. Mabanda manne mapya, kila mlango una makomeo mawili, juu na chini. Nikachungulia ndani. Fimbo ya pazia bado ipo.