Saa kuukuu ya dhahabu: ipi uinunue, ipi umwachie sonara

Saa kuukuu ya dhahabu ina bei mbili ndani yake. Ya kwanza anaijua sonara: anapima uzito wa kasha, anatazama karati, anapiga hesabu kwa bei ya siku. Ya pili anaijua fundi saa, nayo inategemea mashine na uso. Wauzaji wengi wa Unguja, kuanzia Darajani hadi maduka ya vitu vya kale ya Shangani na Hurumzi, hutaja jumla moja tu, na mnunuzi huanza kuomba apunguziwe bila ya kujua analipia nini. Zitenganishe bei hizo kabla hujafungua mdomo. Dhahabu hata ikichakaa itauzika. Mashine iliyoliwa na kutu haina mnunuzi.

Tunaloliweka mbele ya yote ni saa ya ufunguo yenye kasha la karati 18 au 14, upana wa milimita 32 hadi 35, isiyo na tarehe. Kasha la ukubwa huo hubeba mashine ambayo fundi anaweza kuishika, na kila kinachopungua ndani, kama tarehe, hupunguza kitu cha kuharibika. Omega zenye mashine ya milimita 30, iliyoanza kutengenezwa 1939, ni za kutafutwa, na Longines za ufunguo nazo hazimtupi mtu. Usidharau jina lisilojulikana ikiwa ndani mna Peseux 7001. Mashine hiyo ilitoka 1971, ina unene wa milimita 2.5 na vito 17, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano, na imetumiwa na kampuni nyingi, kwa hiyo spea zake hupatikana. Kwetu sisi hiyo ni bora kuliko jina kubwa lenye mashine ambayo spea zake hazionekani tena.

Ya pili ni karati 9 ya Kiingereza, yenye chapa ya .375 na, kama ilipimwa Birmingham, alama ya nanga. Dhahabu safi ndani yake ni asilimia 37.5 tu, nusu ya karati 18, na bei iende hivyo hivyo. Faida yake ni ugumu: haibonyei upesi. Ukiona Omega au Longines ya karati 9 ambayo kasha lake lina jina la Dennison, usishtuke ukadhani ni ya kuunganisha. Dennison wa Birmingham walitengeneza makasha kwa ajili ya soko la Uingereza.

Ya tatu ni saa iliyofunikwa dhahabu nene, kama maikroni 20 hadi 40 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yenye kifuniko cha nyuma cha stenlesi. Hapa lipia mashine na sura, dhahabu uihesabu sifuri. Chapa zake ndizo zinazowaingiza watu hasarani: GOLD FILLED, ROLLED GOLD, PLAQUÉ, au sehemu kama 1/20 iliyotangulia 14K. Muuzaji atakuonesha hiyo 14K na kidole chake kitakaa juu ya maneno mengine.

Saa ndogo za kike zenye mkanda wa dhahabu, zile za kuvaliwa harusini, tunaziweka ya nne, ingawa ndizo zinazopendwa zaidi. Zinunue kwa bei ya sonara, usizidishe. Mashine yake ni ndogo mno, mafundi wanaokubali kuifungua ni wachache, na mkanda wa kusukwa ukishakatwa kufuata mkono wa mtu mmoja haurefuki. Angalia pia kama pingili za mkanda ni tupu ndani. Zikiwa tupu, uzito utakuambia mara moja.

Mwisho kabisa ni zilizotiwa maji ya dhahabu mepesi, na zile zilizopakwa uso upya na kung'arishwa ziwe kama mpya. Hizo ziache.

Neno kwa wanaume. Dhahabu kwa mwanamume ni haramu kwa wanazuoni walio wengi, na kuhusu iliyotiwa maji tu, muulize sheikh wako. Kibiashara maana yake ni kwamba saa ya kiume ya karati 18 hapa ina wavaaji wachache, na inaweza kuteremka ikakaribia bei ya kuyeyusha. Mwanamke anayependa saa ya milimita 33 mkononi ndiye anayefaidi.

Sasa upimaji. Omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, na kifunguliwe na fundi. Visu vya jikoni ndivyo vilivyoacha mikwaruzo unayoiona ukingoni. Ndani ya kasha la Uswisi la karati 18 utakuta 0,750 au 18K pamoja na kichwa cha mwanamke. La karati 14 lina 0,585 na kindi. Tangu 1995 alama ya Uswisi ni kichwa cha mbwa, kwa hiyo saa inayosemwa ni ya 1960 ikiwa na mbwa, kuna uongo mahali. Chapa iliyofifia ni dalili kwamba kasha limepigwa msasa mara nyingi na dhahabu imeondoka nayo. Tazama masikio yanayoshika mkanda: yakiwa yameviringika kama sabuni iliyotumika, kasha limeshaliwa. Kwenye ncha zake ndiko shaba huchungulia kama ni maji tu, mara nyingine na ukijani.

Usikubali kupimiwa saa nzima. Kioo, mashine, uso na ngozi si dhahabu, na bizimu ya mkanda mara nyingi ni ya maji tu. Kasha tupu la gramu 12 la karati 18 lina gramu 9 za dhahabu safi, basi. Jiwe la kusugulia na tindikali ya kupimia dhahabu vitumike upande wa ndani wa sikio, pasipoonekana. Mashine ya kupimia kwa miale husoma juu juu, na tabaka nene linaweza kuidanganya.

Mashine ndiyo yenye kazi. Tia ufunguo taratibu. Nyingi hujaa kwa mizunguko 20 hadi 30, na zikiwa nzima huenda saa 36 au zaidi. Kwa kifaa cha fundi, gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, liyumbe digrii 270 hivi saa ikilala uso juu. Likishuka chini ya 200, mafuta yamekauka na usafishaji uingie kwenye hesabu yako. Saa inayokimbilia mbele dakika nyingi kwa siku huenda imenasa sumaku, na hilo hutolewa kwa sekunde chache. Ikibaki nyuma wakati mlio wake ni mzuri, zungusha mishale: ikizunguka kilaini bila ya ukinzani, gia inayobeba mshale wa dakika imelegea na mishale inateleza.

Kutu ya hapa huanzia kwenye kichwa cha ufunguo. Jasho, hewa ya bahari na maji ya udhu huingia kwa njia hiyo, kwa kuwa saa za aina hii hazikutengenezwa kuzuia maji. Kivute kichwa kidogo. Kikicheza huku na huku, mwambie fundi atoe ule mti wake, kijiti kinachoingia ndani ya mashine, autazame. Wekundu ukiwa umefika kwenye gia za ufunguo, ondoka. Madoa madogo usoni yanavumilika, na kwetu ni afadhali kuliko uso uliopakwa upya, ambao utaujua kwa herufi nono, SWISS MADE iliyopinda au kukosekana, na mistari ya dakika isiyokutana na alama za saa.

Omba kukaa na saa usiku mmoja, uache amana na karatasi iliyoandikwa. Iweke kwa saa ya simu jioni, uitazame jioni ya pili: sekunde 30 huku au huku kwa siku ni sawa kwa umri wake. Muuzaji asiyekubali, mpe bei ya sonara tu.