Leginfo ya California: tovuti nzuri ya kufuatilia miswada, yenye pengo moja kubwa

Ukitaka kumpima mbunge wa jimbo la California, hotuba zake ziache kwanza. Fungua leginfo.legislature.ca.gov, tovuti rasmi ya miswada ya Bunge la California. Ni bure.

Kabla ya kuandika namba ya muswada, chagua kipindi cha Bunge. Kipindi ni miaka 2, kisha namba huanza upya: AB 5 (AB ni muswada ulioanzia baraza la chini, Assembly) ya 2019 si AB 5 ya 2021.

Ukishaupata, anza na uchambuzi wa kamati. Unaeleza sheria iliyopo, kinachobadilishwa na gharama yake, na mwishoni huorodhesha makundi yanayounga mkono na yanayopinga. Hiyo orodha peke yake inatosha kuipa tovuti hii sifa. Kwenye maandishi ya muswada kuwa mwangalifu: ukisharekebishwa, maneno ya buluu na yale mekundu yaliyokatwa huonyesha tofauti na toleo lililotangulia, si tofauti na sheria iliyopo. Wasomaji wengi hupotelea hapo. Kuona sheria yenyewe itakavyobadilika, bonyeza "Today's Law As Amended".

Kwenye kura, usihesabu "ndiyo" na "hapana" tu. Baraza la chini lina wabunge 80, na muswada wa kawaida unahitaji kura 41 hata kama wengine wamekaa kimya. Kwa hiyo aliyeandikwa NVR, yaani hakupiga kura, ameuangusha sawa na aliyesema hapana, ila bila kuonekana mpinzani.

Tazama pia tarehe ya toleo la mwisho. Tangu wapiga kura wapitishe Pendekezo la 54 mwaka 2016, toleo hilo lazima liwe mtandaoni saa 72 kabla ya kura ya mwisho. Hayo ni mageuzi ya kweli. Zamani muswada uliweza kufumuliwa na kujazwa mambo mengine dakika za mwisho.

Pengo liko kwenye Kamati ya Matumizi (Appropriations), inayopima gharama za miswada. Miswada ya gharama kubwa (katika baraza la chini, dola 150,000 au zaidi) huwekwa kando, kisha huamuliwa kwa mkupuo, kwa kawaida Mei na Agosti. Muswada uliozuiwa huachiwa mstari mmoja tu kwenye historia yake: hakuna sababu, hakuna kura ya kumhoji mbunge wako. Mbunge anayehubiri uwazi adai kamati iandike sababu kwa kila muswada inaouzuia. Kwa sasa, soma uchambuzi wa gharama wa kamati hiyo mapema na umpigie mbunge simu kabla ya kikao.