Rafu Moja, Waandishi Watatu wa Ukerewe: Uzoefu Wangu wa Miezi Saba

Kwa miezi saba sasa nimekuwa mwanachama wa maktaba moja ndogo ya kuazimisha vitabu, ambayo haipangi riwaya za Kiswahili kwa herufi za majina ya waandishi bali kwa mahali walikozaliwa. Kuna rafu ya Unguja na Pemba, kuna ya Tanga, na kando ya dirisha kuna rafu fupi kuliko zote, iliyobandikwa karatasi yenye neno moja tu: Ukerewe. Niliichagua kwa sababu ya ufupi wake, nikidhani kwamba ningeimaliza katika miezi miwili na kuhamia kwingine. Tathmini hii inahusu rafu hiyo, vitabu vilivyomo na namna nilivyohudumiwa, na nimeiandika kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama kuna faida yoyote kusoma waandishi wa eneo moja mfululizo.

Ukerewe ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza, na hakuna kisiwa kikubwa kuliko hicho katika maziwa yote ya Afrika. Hata hivyo, ukilinganisha na ukubwa wa Tanzania ni mahali padogo, na jambo la kushangaza ni kwamba hapo ndipo walipotoka Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa katika kijiji cha Namagondo mwaka 1944. Nilitarajia kwamba watu watatu waliokulia kando ya maji yale yale wangeandika vitabu vinavyofanana kama watoto wa tumbo moja. Matarajio hayo yaliniharibikia mapema, na sikusikitika.

Nilianza na Kitereza kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri. Kitabu chake kina jina refu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwili wake unalingana na jina, kwa kuwa kina kurasa zaidi ya 600. Kanuni ya maktaba ni kwamba kila kitabu huazimwa kwa wiki mbili, kiwe kinene au chembamba, na mtu anaweza kuomba kuongezewa muda akipenda. Nilipokipima mkononi niliiona kanuni hiyo kuwa ni dhuluma. Ajabu ni kwamba nilikirudisha siku ya kumi na tatu.

Kisa chake hakina haraka. Mume na mke wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto, ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanachoshwa na masengenyo hayo na kumchukua binti yao, kisha mume analazimika kwenda ukweni kumwomba mkewe na kutozwa pombe ya ndizi kama faini. Msomaji aliyezoea riwaya za leo angetegemea jambo hilo liishe katika sura moja. Kitereza hakubali. Anataka ujue ndizi zinavyovundikwa, zinavyokamuliwa, nani anasaidia, nani anabeba vibuyu na njiani wanaamkiana vipi. Mwanzoni nilikereka, hata nikaruka kurasa mbili, lakini baadaye nilirudi kuzisoma, kwa maana nilikuwa nimegundua kwamba nikiruka maamkizi sielewi kwa nini mkwe ameridhika. Katika kitabu hiki adabu ndiyo inayosukuma kisa, na anayeiona kuwa ni pambo atapotea.

Msomaji anafaa kujua pia safari ya kitabu chenyewe, kwani ndiyo inayoeleza Kiswahili chake. Kitereza aliimaliza riwaya yake mwaka 1945 kwa Kikerewe, akakaa nayo miaka mingi bila mchapishaji, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Kwa hiyo Kiswahili unachokisoma ni Kiswahili cha mtu anayefikiri kwa Kikerewe na asiyeona sababu ya kulificha hilo. Sentensi zinatembea kwa mwendo wake, na mara nyingine unalazimika kurudi nyuma kumtafuta mtenda. Sikuliona hilo kuwa kasoro. Kasoro niliyoiona ni ya maktaba: kwa majuma mawili ya mwanzo kitabu hicho hakikuwa kwenye rafu ya Ukerewe, kwa sababu mtu fulani alikuwa amekipeleka kwenye vitabu vya mila na desturi, karibu na miongozo ya harusi. Naelewa aliyefanya hivyo alifikiri nini, lakini nadhani hakusoma zaidi ya jalada. Mtu anayetafuta orodha ya mila humo atachoka, ilhali anayetafuta habari za ndoa ya watu wawili walioamua kutoachana atashiba.

Kisha nikamwendea Kezilahabi, na hapa ndipo mpango wa kupanga vitabu kwa mahali ulipoanza kunilipa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na inaanzia Namagondo, kijijini kwake mwenyewe. Nilikuwa bado na sauti ya Kitereza masikioni, wazazi wa Bugonoka wakimtetea binti yao kwa utaratibu na maneno ya kupimwa, na papo hapo nikaingia katika nyumba ya Zakaria, baba mkali na mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni kisiwa kile kile, na ni swali lile lile la mzazi kumlinda binti, lakini yale maneno ya kupimwa hayapo tena na pahali pake pamekamatwa na fimbo. Kama ningeisoma Rosa Mistika peke yake, kama nilivyoisoma zamani nikiwa mwanafunzi, ningemlaumu Zakaria na kufunga kitabu. Safari hii nilijikuta nikiuliza nini kilichopotea kisiwani kati ya ulimwengu wa riwaya ile na wa hii, na swali hilo lisingenijia bila ujirani wa vitabu viwili kwenye rafu moja. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikaja kusomeshwa huko huko shuleni. Nakala niliyoazima ilikuwa na mistari ya penseli ya wasomaji waliotangulia, na iliyopigiwa mistari zaidi ni ile iliyowaudhi watu wazima. Sikushangaa.

Kichwamaji ya mwaka 1974 niliisoma kwa siku nne, nayo ni kitabu cha msomi anayerudi nyumbani na kukuta kwamba elimu imemfundisha kuhoji kila kitu isipokuwa namna ya kuishi na majibu. Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka ni nzuri kwa anayetaka kuona vijiji vya ujamaa kupitia macho ya mwanakijiji badala ya macho ya hotuba. Sitazichambua hapa, kwani hizo zinasomeka bila msaada na wengi wamekwisha kuzisifu.

Nagona na Mzingile ndizo zilizonishinda, na ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kirefu. Ya kwanza ilitoka mwaka 1990 na ya pili mwaka 1991, na kila moja haifiki kurasa 100. Nilizichukua pamoja siku ya Ijumaa nikiwa na uhakika kwamba Jumatatu ningezirudisha. Nilipofika ukurasa wa kumi wa Nagona nilikuwa sijui msimulizi yuko wapi, ni wakati gani, na kama wale anaokutana nao ni wazima au ni wafu. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanatokea humo kana kwamba ni majirani. Hakuna kijiji chenye jina la kawaida, hakuna mtumbwi wa mvuvi wala shamba la mihogo, hakuna kitu chochote ambacho mtu angekiita cha Ukerewe. Mwandishi yule yule aliyekuwa ameniwekea njia ya Namagondo mguuni alikuwa ameizoa yote, na kuniachia msafiri anayetafuta kweli mahali pasipo na ramani.

Niliomba kuongezewa muda mara moja, kisha mara ya pili. Niliisoma Nagona mara tatu, na ya tatu niliisoma kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Hapo ndipo ilipoanza kufunguka, si kama hadithi bali kama ushairi, na nikakumbuka kwamba Kezilahabi ndiye aliyezua mjadala mkubwa kwa diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974, alipoandika mashairi yasiyofuata vina na mizani. Kwa mtu anayetaka kuanza na riwaya hizi mbili, ushauri wangu ni aanze na mashairi, na asitafute kisa.

Kwa Ruhumbika nina machache ya kusema, kwa sababu rafu yenyewe ilikuwa na machache. Riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru ya mwaka 1969, haikuwapo kwa kuwa maktaba haiweki vitabu vya Kiingereza, na kwa maoni yangu huo ni ukali usio na maana panapohusika mwandishi aliyeanza kwa Kiingereza kisha akahamia Kiswahili kwa hiari yake. Miradi Bubu ya Wazalendo ya mwaka 1992 ilikuwapo, ila nakala ilikuwa imechomoka kurasa katikati, na hakuna aliyenitahadharisha wakati wa kuazima. Hata hivyo, nilichokisoma kilinionyesha sauti ya tatu isiyofanana na zile mbili: ni kavu, yenye hasira iliyofungwa vizuri, na inajali zaidi nani alipata nini baada ya uhuru kuliko mtu anavyojisikia moyoni. Ni yeye pia aliyeitafsiri riwaya ya Kitereza kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002, na nilipolijua hilo nilitamani rafu iwe na kikaratasi cha kumwambia msomaji.

Kuhusu huduma kwa jumla, kupanga kwa mahali nimekupenda, lakini kwa masharti. Anayeichukua rafu ya namna hii akitarajia ladha moja atasema amedanganywa. Anayeichukua ili kusikia watu wa nyumba moja wakibishana atapata alichokitaka. Maktaba ingefanya vyema kukagua nakala zinaporudishwa, kununua Miradi Bubu nyingine, na kuacha kumhamisha Kitereza.

Juma lililopita nilikwenda kuomba Mzingile iongezewe muda kwa mara ya nne. Mkutubi, mama wa makamo aliyenizoea sasa, alikichukua kitabu, akakigeuza upande wa mgongo na kuutazama wembamba wake.

"Mwanangu," akasema, "lile gogo la Kitereza ulinirudishia kabla ya siku. Hiki nacho kina nini?"

Nilimwambia kwamba bado sijui, na akanigongea muhuri wa wiki mbili nyingine.