Mbegu za "mwaga uondoke": uzoefu wangu na kishamba cha kulungu, Michigan

"Nilidhani nyinyi kwenu mnalima kwa mikono. Hii si ingekuwa rahisi kwako?"

Maneno hayo nimeambiwa na kijana wa kaunta ya duka la pembejeo, foleni nzima nyuma yangu ikisikia, mkononi nina risiti na mfuko wa mbegu uliobaki nusu. Muda umepita, lakini nikikumbuka bado damu inanichemka, na ndiyo sababu naandika.

Baba mkwe ana msitu mdogo wa misonobari huku kusini-magharibi mwa Michigan. Kila Novemba anawinda humo kulungu, wale wa mkia mweupe, jamaa zake yule ayala wa Zaburi ya 42. Zamani watu walikuwa wanamwaga mahindi na karoti kuwavuta, lakini mwaka 2019 upande huu wa jimbo chambo kilipigwa marufuku, kwa sababu wanyama wakisongamana kwenye rundo moja la chakula wanaambukizana ugonjwa. Kupanda mazao ardhini kunaruhusiwa. Basi akaniomba nimtengenezee kipande cha malisho ya kulungu, kama mita 500 za mraba, katikati ya miti ambako trekta haiwezi kupita. Mimi nimekulia Mbozi, Tanzania, nimeshika jembe kabla sijashika kalamu. Nikamwambia, baba, niachie mimi.

Dukani nikakutana na mfuko una picha ya dume lenye pembe kama matawi ya mti. Maandishi makubwa: huhitaji jembe wala trekta, mwaga tu, mvua itamaliza kazi. Niliamini. Nilisema labda wenzetu wameshatengeneza mbegu ya namna hiyo, wana maabara, wana kila kitu. Nikanunua na mashine ndogo ya kuvaa begani, ile unayozungusha mkono huku unatembea. (Mashine ile sina ugomvi nayo, inafanya kazi mpaka leo.) Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Nikamwaga, mvua ikanyesha vizuri siku ya pili, nikaenda zangu.

Wiki tatu baadaye nikarudi. Jamani. Kulikuwa na vinyasi vyembamba vimeota hapa na pale kama ndevu za kijana, basi. Nikapiga magoti, nikafunua majani makavu ya msonobari kwa vidole. Mbegu zangu zilikuwa pale pale juu, na rangi yake ya bluu ya kiwandani haijatoka, zimening'inia kwenye yale majani kama shanga. Hazijagusa udongo hata kidogo. Mbegu ya klova, yale majani ya malisho ya jamii ya kunde, ni ndogo kama kichwa cha pini, haitaki kufukiwa zaidi ya nusu sentimita, lakini lazima iguse udongo. Hilo mama yangu analijua bila kusoma mfuko wowote.

Ndipo nikageuza mfuko nikasoma kibandiko cha nyuma, kile ambacho sheria ya hapa inawalazimisha kuweka. Karibu nusu ya uzito ni nyasi za rai. Theluthi moja ni koti, yaani ule unga unaofunika mbegu. Kilichobaki ndiyo klova na mboga za jamii ya kabichi nilizodhani nimenunua. Ni sawa na kupimiwa maharage pamoja na mawe yake.

Nikaenda dukani kwa heshima kabisa. Sikutaka hata hela, nilitaka mtu anielekeze. Yule kijana akachukua kalamu, akaanza kuigongagonga kwenye maandishi madogo ya chini, tok, tok, tok: ondoa takataka zote, pima udongo, weka chokaa. "Hukusoma?" Halafu ndiyo akatoa lile neno la kwetu kulima kwa mikono. Nikamuuliza rai iliyomo humu ni ile ya nafaka au ni nyasi. Akasema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Rai ya nafaka ni ndugu wa ngano, inastahimili baridi kali, kulungu wanaila mpaka theluji inapoifunika. Nyasi za rai zinaota haraka ili mnunuzi aone kijani afurahi, kisha zinainyima klova nafasi. Muuza pembejeo asiyejua hilo anauza nini? Basi nikataka kuurudisha mfuko; hakuupokea, eti umefunguliwa. Nikatoka nao kwapani.

Nikafanya kwa njia niliyofundishwa. Reki, siku mbili, mpaka udongo mweusi ukaonekana. Sampuli ya udongo nikaipeleka ofisi ya ugani ya kaunti, majibu yakaja: pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni 5.2, uchachu mwingi, wakati klova inataka 6 hadi 7. Nikabeba mifuko 12 ya chokaa ya punje, kilo 18 kila mmoja, kwa toroli pale njia inaporuhusu na kwa bega pale isiporuhusu. Septemba inaisha nikamwaga rai ya nafaka, kama kilo 6, nikaikanyaga kwa miguu kipande chote. Hiyo ikaota kwa wiki moja. Klova nikaimwaga Machi, ardhi ikiwa inaganda usiku na kuyeyuka mchana. Udongo unapasuka nyufa ndogo ndogo na mbegu inajizika yenyewe. Huko ndiko kulima bila jembe, na hakuna mfuko ulionifundisha. Alinieleza mama mmoja wa ile ofisi ya ugani, kwa upole, kwenye simu, dakika kumi nzima.

Sasa nisimdhulumu mtu. Ukingoni palikuwa na ukanda mmoja ambao ile mara ya kwanza niliuburuzia tawi bila kukusudia nikisafisha njia. Masika pale ikaota klova nzuri, na ilikuwa ya mfuko ule ule wa kwanza. Kwa hiyo mbegu yenyewe ilikuwa nzima, nakiri. Nilitaka kuipa nyota tatu. Lakini nikikumbuka yale maandishi makubwa mbele na yale madogo nyuma, na ile kalamu, tok tok, mkono unakataa. Nyota moja. Duka nalo lingepata sifuri kama ingeruhusiwa.

Nimeweka kizimba cha waya katikati ya kipande. Ndani yake klova imefika nusu ya muundi, nje imenyolewa kama kapeti. Ukiinama unaona ncha za mashina zimechanika, hazikukatwa safi, maana kulungu hana meno ya mbele juu, anavuta na kurarua. Sungura angekata kama kwa wembe. Baba mkwe anasimama pale jioni na kikombe chake cha kahawa, hasemi kitu.

Juzi ameniomba nimnunulie klova nyingine. Niliendesha gari maili 30 hadi mji wa pili.